Alama Moja Ibaki Mfukoni

Vijana wangu mnaozunguka Bunda na spika juu ya bajaji, nawasikia kila asubuhi kabla sijamaliza uradi wangu. Mnapita Kabasa, mnakatiza stendi, mnarudi sokoni, na sauti ni ile ile, kwa sababu mmeirekodi mara moja mkaitia kwenye flashi, inajirudia yenyewe huku dereva anakula muhogo. Sina ugomvi na flashi. Ningekuwa nayo tangu mwanzo, koo langu lingekuwa zima mpaka leo. Ninachotaka kuwauliza ni kingine. Yule aliyewapa tangazo, mlimtazama usoni?

Kazi hiyo niliianza na spika ya kushika mkononi, wakati betri tulikuwa tunazianika juani ili zipate nguvu kidogo. Baadaye nikapata pikipiki. Mwisho nikapanda pikapu ya kukodi, spika mbili za pembe juu ya paa na betri ya gari chini ya miguu yangu. Sauti nilipewa na Mungu, na niliinyoosha msikitini. Nilikuwa mwadhini kabla sijawa mtangazaji, na nilikuwa nafundisha watoto chuoni, ndiyo maana mji mzima uliniita Maalimu, hata wale wasiojua kibla kiko upande gani. Alhamdulillahi, riziki yangu ilitoka kooni na ilinitosha.

Ukitaka kuujua mji huu, usianze na ofisi za serikali. Panda gari la matangazo mwaka mmodi tu. Mvua zikianza utatangaza mbegu na dawa ya pamba. Mahindi yakikomaa utatangaza tembo: wametoka hifadhini, wamevuka barabara, akina mama wasiende kuni upande ule. Ziwa likifungwa utawaambia wauza samaki, na wao watakutukana kana kwamba wewe ndiye uliyelifunga. Pantoni ya Kisorya ikiharibika, ni wewe. Maji yakikatika, ni wewe. Maulidi ni wewe, na mkutano wa injili wenye kwaya kutoka Buhare ni wewe pia, na mimi Mwislamu nilikuwa nawasifia ile kwaya mpaka mchungaji akaniuliza kama nimeokoka. Nikamwambia, "Bado, Mchungaji, lakini besi wenu mmoja anaimba kama simba, hilo halihitaji kuokoka." Utatangaza mechi ya wauza nyama na waendesha boda. Utatangaza misiba, misiba, misiba. Na katikati ya yote hayo utatangaza vilivyopotea na vilivyookotwa, na hapo ndipo utakapowajua watu.

Niliwahi kutangaza meno ya bandia yaliyookotwa stendi. Walikuja wawili kuyachukua. Mmoja wao alikuwa na meno yake yote.

Nilifundishwa tangu utotoni kwamba kumdhania mtu vibaya ni dhambi, nami niliwafundisha hivyo watoto wa watu. Kisha naondoka chuoni, napanda gari, na kazi yangu ni kumshuku kila anayenijia. Ilinisumbua miaka. Nilimwomba sana Mungu anionyeshe njia ya kuwa mtangazaji bila kuwa na moyo mbaya. Nilichopata ni hiki: shaka yangu iwe ya kazi, isiingie nyumbani. Nikimshuku mtu, nimshuku akiwa mbele yangu, nimwulize, nimpe nafasi ya kunijibu, na nisiende kumsema kwa jirani. Ila kushuku, nitashuku. Anayekuja kwa mtangazaji anataka mji mzima usikie jambo lake kwa wakati mmoja, na mtu wa namna hiyo ana sababu. Sababu moja atakuambia. Ya pili mtafutie mwenyewe.

Kuna mara moja sikuitafuta. Nilipewa tangazo la msiba upande wa Butiama, mzee fulani amefariki, mazishi kesho. Nililitangaza kwa huzuni ambayo hata mimi ilinigusa. Nikiwa katikati ya jina la marehemu na wajukuu zake, mzee mmoja akasimamisha baiskeli mbele ya gari, akavua kofia.

"Poleni sana," akasema. "Msiba uko kwa nani? Nipite nikawape pole."

Dereva alimtambua kabla yangu. Akazima injini. Alikuwa marehemu mwenyewe. Kumbe watoto wake wa mke wa kwanza walikuwa wametaka tu kujua ni nani katika wa mke wa pili atakayekimbilia kufungua sanduku la mali la mzee. Tangu siku ile, tangazo la msiba silisomi mpaka niende nyumbani kwa mfiwa nione turubai na masufuria. Wanaolia wanaweza kukodiwa. Masufuria makubwa ya msibani hayajitokezi bure.

Lakini somo kubwa sikulipata kwa marehemu yule. Nililipata mnadani, kwa Mzee Wambura.

Mzee Wambura alikuwa dalali wa ng'ombe, mtu mrefu mwenye fimbo iliyong'aa kwa kushikwa. Alikuwa haniiti Maalimu. Aliniita mura, kama kijana yeyote wa kwao. Nilikuwa mgeni katika kazi, na nilikuwa nimetangaza mtamba aliyeokotwa akizurura barabara ya Musoma. Nilitangaza kila kitu: rangi ya udongo, paji jeupe, pembe ya kushoto imepinda chini, sikio limechanika. Nilijiona nimefanya kazi safi. Siku ya mnada wakaja wenye ng'ombe wengi kuliko miguu ya ng'ombe, na kila mmoja alizitaja alama zote kwa mpangilio wangu, mpaka pale nilipopumua na wao wanapumua.

"Mura," Mzee Wambura akaniambia, "ng'ombe ya watu umeivua nguo."

"Nimekosea wapi, Mzee? Nimesema ukweli."

"Umeusema wote. Kwani mwizi hana masikio? Ukitangazaga kitu cha watu, alama moja inabaki mfukoni. Rangi sema. Pembe sema. Moja nyamaza. Mwenye mali ndiye anakuja kuitoa mfukoni mwako."

Kisha akawageukia wale wenye ng'ombe, akawauliza swali ambalo sikuwa nimelitangaza: ng'ombe huyu akifungwa kamba, anavuta upande gani? Wakajibu kulia, wakajibu kushoto. Mwanamke mmoja mfupi nyuma yao akacheka.

"Huyo havutagi," akasema. "Huyo analala chini. Mpaka umsukume."

Wakajaribu. Mtamba akalala chini.

Basi, hiyo ndiyo elimu yangu yote. Nikaitumia kwa ng'ombe, kwa mbuzi, kwa simu, kwa vyeti vya shule, kwa begi la bibi harusi lililosahauliwa kwenye basi. Haikuniangusha. Mpaka ikaja siku ya mtoto.

Aliokotwa stendi asubuhi, pembeni ya meza ya mama anayeuza chai na chapati. Mtoto wa kike, mdogo, wa umri ambao anajua jina lake lakini hajui la kijiji chake. Gauni la njano. Mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Waliomwokota wakampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Masatu, na mwenyekiti akafanya mambo mawili kama ilivyo desturi yetu: akawaarifu polisi, na akaniita mimi. Mkewe, Mama Masatu, hakungoja mtu. Alimwogesha mtoto, akamlisha uji, akamfunga kanga. Nilipofika akanivuta jikoni.

"Ukimtangaza," akaniambia kwa sauti ndogo, "kuna kitu nimekiona wakati namwogesha. Hakionekani akiwa amevaa."

Akaniambia ni kitu gani na kiko wapi. Nikamwambia asimwambie hata mumewe.

Nikazunguka. Nikatangaza jina, gauni, ndala moja. Ile alama ikabaki mfukoni.

Niliporudi kwa mwenyekiti, mwanaume mmoja alikuwa ameshafika na pikipiki. Kijana mtu mzima, msafi, shati limenyooka, msalaba mdogo shingoni. Akainuka kuniamkia.

"Asalaam aleikum, Maalimu."

Nikaitikia. Lakini nilijiuliza, mgeni huyu amejuaje salamu yangu kabla ya kunijua mimi? Mtu anayejipanga kukupendeza amekwisha kukuulizia kwa watu.

"Huyo mtoto ni wa kwetu," akasema. "Mimi ni baba yake mdogo. Tumetoka Kisorya. Tumemtafuta tangu jana."

"Tangu jana?"

Akanitazama. "Tangu asubuhi, namaanisha. Kichwa hakiko sawa, Maalimu, mtoto akipotea."

Kichwa hakiwi sawa, ni kweli. Nikalipokea hilo. Lakini nililiweka pembeni, sikulitupa.

Mtoto akaletwa. Alipomwona yule mwanaume akasema, "Baba," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtoto anavyomwita baba yake mdogo. Watu waliojaa barazani wakashusha pumzi, wengine wakapiga makofi. Akanunuliwa soda, akainywa. Mimi nilikuwa natazama mkono wake mwingine. Ule mkono haukuachia kanga ya Mama Masatu hata wakati wa kunywa.

"Mpe mtu mtoto wake, Maalimu," kijana wa boda akasema. "Kwani huyo ni ng'ombe?"

"Angekuwa ng'ombe ningeshampa," nikamwambia. "Ng'ombe akipewa asiye mwenyewe, mwisho wake ni kuuzwa tu mnadani."

Wakacheka, lakini hawakuwa upande wangu. Nikamgeukia baba mdogo.

"Mtoto huyu ana alama ambayo sikuitangaza. Niambie."

Akafikiri. "Ana kovu mguuni. Baiskeli ilimchubua."

Miguu ilikuwa wazi mbele yetu sote. Haikuwa na kovu.

"Maalimu," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, "mimi mwanaume. Mimi ndiyo naogeshaga watoto?"

Baraza lote likamwunga mkono. Na nawaambia kwa haki, alinishinda hapo. Elimu ya Mzee Wambura ilikuwa ya ng'ombe, na ng'ombe kila mtu wa nyumbani anamjua. Mtoto mdogo anajulikana mwili wake na yule mwenye maji na sabuni. Baba wa kweli angeshindwa swali langu, na mjomba wa kweli pia. Nilikuwa nimesimama pale na kipimo ambacho huenda hakikuwa kipimo, na mtoto wa watu katikati.

"Basi tumlete anayemwogesha," nikasema. "Mama yake yuko wapi?"

Akageuka kuitazama pikipiki yake.

"Anaumwa. Hawezi kusafiri."

"Bibi yake je?"

"Nitawapigia wazee. Watakuja wenyewe mchana huu. Utaona aibu, Maalimu."

"Nikiona aibu nitaomba radhi hapa hapa barazani, kwa spika," nikamwambia. "Keti, mwanangu. Tusubiri."

Akaketi kwenye benchi la mwenyekiti, mikono kifuani. Mwenyekiti akaninong'oneza kwamba nimemwudhi mtu mwema, na kwamba wazee wakifika atawapa mtoto, na mimi nitafute pa kuiweka ile alama yangu. Hakuwa mtu mbaya Bwana Masatu. Alitaka barazani pake pawe patupu kabla ya chakula cha mchana.

Nikaswali rakaa zangu uani, nikaomba, nikapanda gari. Nilijua kabla ya wazee kufika ni lazima nipate mtu mwenye sabuni. Safari hii nikabadilisha maneno: aliyezoea kumwogesha mtoto huyu afike, au amtume mtu anayejua alama yake.

Tulipokuwa tunapita safu ya wauza samaki, mwanamke akatoka mbio na kisu cha kuparia mkononi, akapiga mlango wa gari. Nilimfahamu. Ni Mama Nyangeta, aliyekuwa akiniuzia sato kila Ijumaa na kunipunja kila Ijumaa.

"Maalimu, zima kwanza hiyo kelele."

Nikazima. Akaingiza kichwa dirishani, harufu ya samaki na yote, akaninong'oneza sikioni. Ilikuwa ile alama. Kitu chenyewe, na mahali penyewe.

Mngedhani nilifurahi. Nilipata hofu. Mama Nyangeta alikuwa na watoto wakubwa, hakuwa na ndugu Kisorya, na mtoto yule hakuwahi kumwona. Yule mwenye damu yake hajui alama, na huyu asiye na damu yake anaijua. Nilimdhania Mama Masatu kwamba mdomo wake umevuja kisimani. Nilimdhania hata dereva wangu.

"Nani kakuambia?"

"Si umesema anayejua aje? Nimekuja. Usiniulizage ya polisi."

"Mama Nyangeta, hilo neno limetoka kwenye mdomo mwingine kabla ya wako. Nipeleke kwenye huo mdomo."

"Ukienda na gari lako anakimbia. Na yule wa kwenye benchi anasikiliza gari lako lilipo."

Hapo shaka yangu ikageuka upande. Mtu wa kweli ana sababu gani ya kusikiliza gari langu lilipo?

Dereva wangu alikuwa kijana wa siku hizi. Miezi mingi alikuwa ananibembeleza turekodi matangazo, nami nakataa, nikimwambia kwamba sauti bila mtu ni uchawi. Asubuhi ile alikuwa amenirekodi kwa siri kwa simu yake. Akaniambia hilo akiwa na aibu, akitegemea nimfokee.

"Iko kwenye flashi?" nikamwuliza.

"Iko, Maalimu."

"Iweke. Nenda nayo Kabasa, zunguka polepole. Usisimame."

Akaondoka, na sauti yangu ikaondoka naye. Nilibaki nimesimama kwenye safu ya samaki nikijisikiliza naenda mbali. Hiyo ndiyo siku niliyomshukuru Mungu kwa flashi, nami nawaombea dua wote mlioileta.

Mama Nyangeta akanipeleka nyuma, kwenye stoo ya magunia ya dagaa. Kati ya magunia na ukuta alikuwa ameketi binti mmoja, mjane, nguo nyeusi imemchakaa begani. Mkononi alikuwa na ndala moja ndogo. Hakuninyooshea. Alikuwa ameishika tu.

"Mbona hukuja kwa mwenyekiti, mwanangu?" nikamwuliza.

"Nilikuja, baba. Nikamkuta amekaa kwenye benchi lenu."

Akanieleza kwa kifupi, kwa sababu muda haukuwa wetu. Mumewe alikufa. Ukoo wa mumewe ulitoa ng'ombe wa mahari, na kwa desturi ya wengi wetu huku Mara, ng'ombe wakishatoka, mtoto ni wa ukoo ule. Mdogo wa marehemu alitaka kumrithi. Yeye akakataa. Wakamwambia aende salama, lakini mtoto hatoki. Jana yake akaondoka na mtoto kwenda kwa dada yake. Asubuhi pale stendi alimkalisha mtoto kwa mama wa chai, akaenda kuulizia gari, na alipogeuka akaiona pikipiki ya shemeji yake inaingia getini. Akajificha. Alipoweza kutoka, wasamaria walikuwa wamekwisha kumbeba mtoto kumpeleka mahali salama.

"Yule kijana ametudanganya?" nikamwuliza.

Akafikiri, yule binti, na jibu lake sijalisahau. "Hapana, baba. Ni baba yake mdogo kweli. Na mtoto anampenda. Ila kusema mimi naumwa, hapo ndiyo amedanganya. Mimi siumwi."

Sikumwuliza alama. Nilimpigia simu dada wa ustawi wa jamii, mtu makini, asiyependa maneno mengi. Sikuwa kadhi wala hakimu, na habari ya mtoto ni ya nani haikuwa ya kuamuliwa na mwenye spika, wala na magunia ya dagaa. Akanijibu kwamba mama na mtoto wafike ofisini kwake, wote wawili, kabla wazee hawajafika barazani, na mengine atayashika yeye.

Nikamwachia Mama Nyangeta amfikishe binti ofisini, nikampigia Mama Masatu. Nikamwambia maneno machache sana. Akaitikia kwa sauti kubwa, ili baraza lisikie.

"Eti nini? Ndiyo, huyu mtoto kajimwagia soda mwili mzima. Namwogesha tena."

Akamchukua uani. Hakuna mwanaume barazani aliyeinuka kwenda kuangalia mtoto anaogeshwa. Alimtoa kwa mlango wa nyuma, akapita nyuma ya kinu cha mahindi, akamfikisha ofisini mwenyewe, kanga mkononi mwa mtoto vile vile.

Wazee walipofika, waliitwa ofisini nao. Sikuingia, na sitawasimulia nisiyoyasikia. Najua waliongea mpaka adhuhuri ikapita, najua ng'ombe walitajwa sana, na najua mtoto alitoka ameshikwa mkono na mama yake, ndala zote mbili miguuni, dada wa ustawi akitembea nyuma yao kama askari.

Baba mdogo alinifuata kwenye gari. Nilidhani atanipiga. Alikuwa amechoka tu.

"Maalimu, mimi mtoto nilidai wa uongo?"

"Hapana, mura. Ni wa damu yako."

"Na bado hukunipa."

"Na bado sikukupa."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo bila furaha. Akawasha pikipiki. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akageuka.

"Hivi hiyo alama yenyewe ni ipi?"

Vijana wangu, nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Huenda alikuwa anauliza tu, kama mtu yeyote angeuliza. Nimemwombea hivyo mara nyingi, kwamba alikuwa anauliza tu. Lakini kuna stendi nyingi mkoa huu, na watangazaji wengi waliofundishwa na Mzee Wambura au na wanafunzi wake, na kila mmoja wao angempa mtoto yeyote anayeijua alama.

"Nimeisahau," nikamwambia.

Kulibaki jambo moja. Mtoto akipatikana, ni desturi yetu kurudi kuutangazia mji, maana mji umehangaika naye. Tulikuwa tunasema yote: amepatikana, amechukuliwa na nani, wanakwenda nyumbani wapi, ahsanteni. Watu wanapenda sana kusikia hayo. Wanawake wanatoka milangoni kushangilia. Siku ile niliwasha spika, sauti yangu ya kooni, siyo ya flashi, nikasema mtoto amepatikana, nikasema ahsanteni, nikazima.

Mji ulinilaumu wiki nzima. Mwenyekiti akaniita mfichaji. Kijana wa boda akaniambia nimewanyima haki yao. Nikawajibu kwamba mwenyewe amemchukua, na mpaka leo nikiulizwa najibu hivyo hivyo.

Nanyi mnaosoma msidhani nimewapendelea. Kisorya niliyoitaja si Kisorya. Gauni halikuwa la njano. Dada wa yule binti anaishi mahali ambapo sikupataja, na binti yule mdogo sasa amekuwa mkubwa, Mungu amhifadhi, na siku moja nilimpita barabarani tukaamkiana kama watu wasiojuana, nikashukuru.

Ile alama tulikuwa tunaijua wachache. Mama Masatu ameshatangulia mbele ya haki, naye hakuivujisha. Mimi bado nipo nayo. Mama Nyangeta ananiambia kila Ijumaa kwamba yeye alishaisahau zamani, huku ananipimia sato.

Simwamini.